Kasuku Aliyesema Starehe

Wilhelmina hakai kitako. Mwaka wa pili sasa tunagawana ua mmoja hapa Kibiti, yeye vyumba vya mbele, mimi vya nyuma, na sijawahi kumwona ameketi akatulia. Ni muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Mbinga huko milimani, na barua za kuomba uhamisho ameshaandika tatu. Chakula anakila mlangoni amesimama, sahani mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, anatafuna huku anaangalia barabara utadhani kuna gari linamsubiri. Mimi nasuka ukili wa mikeka yangu barazani, namtazama na kujiuliza chakula hicho kinashukia wapi, tumboni au miguuni.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akikaa Bi Mwantum, mama wa makamo ya juu, aliyetoka delta baada ya mafuriko kumlia shamba la mpunga. Alikuja na kidonda cha mguu na kasuku. Kila siku ya Mungu Wilhelmina alipita kumsafisha kidonda kabla ya kwenda kazini. Kilipofunga, mwanawe Hemedy akaja kumchukua wakaishi wote Mbagala. Ila kule ni chumba na sebule, mke wa Hemedy ana pumu, ndege hatakiwi.

Kasuku mwenyewe ni wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Maneno. Ana miaka kumi na tisa, umri unaozidi ndoa zangu mbili ukizijumlisha. Sote tulijua nitapewa mimi, maana ndiye niliyekuwa nikimpelekea pilipili. Bi Mwantum akamwita Wilhelmina.

"Mkono wako hautetemeki, mwanangu," alimwambia. "Mchukue wewe. Wengine watamfanya wa kuchezea."

Wilhelmina, mtu asiyetaka hata kununua kabati kwa kuwa eti kesho anahama, hakuweza kumkatalia. Akaja na tundu, kibali cha maliasili kwenye mfuko wa nailoni, na maagizo: ndizi mbivu, wali, karanga, maharage. Niliona wivu, sifichi.

Asubuhi ya kwanza nilimsikia kupitia ukutani.

"Maneno, karibu chakula."

"Starehe!" ndege akajibu, sauti ile ile ya Bi Mwantum, na kale kamvuto kake ka mwisho.

Nilicheka mpaka miyaa ya mkeka ikanitoka mkononi. Nikasema ndege huyu ana adabu kuliko watoto wengi wa mtaa huu. Wilhelmina akaweka kisahani, akasimama kidogo, akakimbilia zahanati. Jioni ndizi ilikuwa pale pale, imekuwa nyeusi.

Kazi ya mtu humfuata nyumbani. Kesho yake alibandika kadi juu ya tundu, kama ile ya mgonjwa wa kulazwa, na kila alipompa chakula aliandika. Mimi sikuisoma, nikijua ni mambo yao ya kizungu ya dawa.

Siku ya tatu Maneno alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Maji alikunywa, karanga mbili tatu alizipasua, basi. Wilhelmina akaanza kumhamisha: dirishani, mlangoni, chumbani, barazani kwangu, akamrudisha dirishani. Akamletea yai la kuchemsha, papai, mbegu za alizeti. Akamuuliza bwana mifugo, ambaye anajua ng'ombe na kuku tu, akampa vitamini za vifaranga. Nyumba nzima haikuwa na utulivu. Mimi nilikosea ukili mara tatu, nikaufumua mara tatu.

Na kila baada ya Alasiri simu ililia, Bi Mwantum kwenye simu ya Hemedy.

"Maneno kala?"

"Amekula, mama."

Nilimtazama, akageukia ukutani.

"Uwe unamkaribisha vizuri, mwanangu. Huyo hapendi kula kama mwizi."

"Namkaribisha, mama."

Alipokata simu nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akanijia juu. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba ndege wake anakufa mikononi mwangu? Yule mama hana kitu kingine, Zamda. Shamba limekwenda, nyumba imekwenda. Akifa huyu nitamwambia nini?" Akatoka, akazunguka ua mara mbili, akarudi kumchungulia. Hapo ndipo nilipoogopa na mimi.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Alirudi kanisani, hakubadili hata gauni. Maneno alikuwa chini kabisa ya tundu, kifua wazi kama cha kuku aliyenyonyolewa, jicho moja limefumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wilhelmina akaweka sahani ya wali na maharage, akainama.

"Maneno, karibu."

"Starehe," ndege akasema, sauti nyembamba.

Akachukua kalamu. Nikasogea nikaisoma ile kadi. *Saa 12 asubuhi, ndizi nusu. Amekataa. Saa 10 jioni, wali vijiko viwili. Amekataa.* Amekataa, amekataa, mpaka chini.

"Amekataa vipi?" nikamuuliza. "Amekudonoa?"

"Si umemsikia mwenyewe? Kasema starehe."

"Na wewe ukasemaje?"

"Niseme nini tena? Mtu amekataa, nimlazimishe?"

Nilijishika kichwa. Siku sita nilikuwa nikiisikia karibu yake ya kwanza, na ya pili naijaza mwenyewe kichwani, nikidhani kaisema kwa sauti ya chini.

"Wilhelmina wee, starehe si kukataa! Ukikaribishwa mara moja ukavamia sahani, watasema hukulelewa. Unasema starehe. Mwenye chakula naye anakwambia, aa, njoo bwana, usinitie aibu. Hapo ndipo unanawa. Akinyamaza, basi alikuwa anakualika mdomoni tu."

"Kwetu mtu akikataa amekataa."

"Huku bado mpaka ya pili. Wee utaijulia wapi, kila nikikukaribisha unasema asante ushafika barabarani, hata sijarudia! Na tena hukaribishi kiumbe umemsimamia kama askari. Bi Mwantum alikuwa akikaa chini."

Nikamtandikia mkeka. Akakaa na gauni lake la kanisani, magoti yanagoma, hajui miguu aiweke wapi. Akafungua mlango wa tundu, akavuta sahani mbele yake.

"Karibu, Maneno."

"Starehe."

Akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidevu aendelee.

"Aa, njoo bwana," akasema, "usinitie aibu."

Kasuku akageuza kichwa. Akashuka kwa mdomo na kucha, akatembea juu ya mkeka kwa ule mwendo wake wa kupinda vidole, akasimama ukingoni mwa sahani. Akangoja. Wilhelmina akala kijiko kimoja. Ndipo Maneno akaokota harage moja, akalishika kwa mguu, akalimenya ganda, akala. Akaokota la pili.

Nilipiga kelele, alhamdulillahi! Nilidhani na yeye atapiga. Hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

"Zamda. Mwezi ule niliohamia, nilipika makande, nikakuletea na sufuria barazani. Nikasema karibu."

"Nakumbuka."

"Ukasema starehe. Nikarudi nayo ndani."

Nilikumbuka vizuri mno. Nilikwenda nikawaambia wenzangu bombani kwamba watu wa bara wachoyo, wanakuonyesha sufuria kisha wanaondoka nayo.

"Na mama wa dukani alisema hivyo hivyo," akaendelea. "Na Bi Mwantum. Kila niliyemwita. Nikajua chakula cha Mkristo hamkitaki. Nikaacha kuita watu. Siku ile, ulikuwa unataka?"

Ningeweza kumdanganya. Ilikuwa rahisi.

"Nilikuwa na njaa tangu asubuhi," nikamwambia.

Akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamshuka mpaka kwenye kola ya gauni, na hakuyafuta. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nalia chumbani, najua hamnitaki."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona. Nikanawa mikono kwenye ndoo, nikakaa upande wa pili wa sahani, kasuku katikati yetu, nikafinya tonge la kwanza kabla hajafungua mdomo kunikaribisha.