Mafaili ya Kikakwa

Kabla hatujawa maadui, mkuu wetu wa programu alikuwa tu mwanaume wa meza ya mkabala na yangu, katika ofisi ya vyumba vitatu mjini Arua. Ofisi hiyo hutuma ujumbe wa simu kwa wakulima: wapande mihogo lini, majani yakijikunja wafanye nini, simsim, yaani ufuta, wavune wakati gani. Mimi ni Mkakwa, na niliajiriwa kuandika ujumbe wa Kikakwa na kuuingiza kwenye programu. Yeye alitoka Kampala. Tangu wiki ya kwanza alinionyesha kwamba kazi yangu aliiona pambo tu.

"Lugha hiyo inasemwa na watu wangapi?" aliniuliza mbele ya wenzangu, akicheka.

"Wanatosha kukulisha," nikamjibu. Yeye hakucheka tena, na mimi pia sikutaka acheke.

Kazi ilinichukua miezi minne. Nilikuwa nafika Koboko asubuhi, napanda bodaboda hadi Kuluba, nakaa pembeni mwa shamba huku wanawake wakipalilia, nawasomea nilichoandika. Mama mmoja mwenye shamba karibu na barabara hakunihurumia hata kidogo. "Hivi ndivyo anavyosema ofisa," aliniambia kwa Kikakwa. "Andika ninavyomwambia dada yangu." Nilifuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Kila ujumbe uliokubaliwa niliuweka kwenye faili lake, na kila faili nikaliita kwa jina la Kikakwa.

Majina hayo ndiyo yaliyomuudhi mkuu wangu.

"Badilisha, weka Kiingereza. Mimi siwezi kusimamia vitu nisivyovisoma."

"Jifunze kuvisoma."

Tangu siku ile hatukusalimiana. Alikuwa akiingia asubuhi anasalimia ukuta wa upande wangu na kupita.

Hapa nieleze jambo moja. Watu wa kazi yetu hatuweki programu kwenye kompyuta moja tu. Tuna ghala la msimbo wa programu, ambamo kila mmoja huweka alichoandika. Ukiondoa kitu leo, matoleo ya jana bado yamo, na ghala linajua aliyeweka, aliyeondoa, na siku yenyewe. Ukitaka kuona kilichomo, unafungua dirisha la amri, unaandika maneno mawili matatu, na majina ya mafaili yanajipanga mstari kwa mstari.

Bosi wetu, mwanajeshi mstaafu ambaye mikutano yote aliiendesha kwa Kiswahili cha kambini, alitupeleka Koboko kuwaonyesha wakulima programu ikifanya kazi. Ukumbi ulijaa. Yule mama wa Kuluba alikaa mstari wa mbele na simu yake mkononi. Mkuu wangu akaunganisha kompyuta na projekta, akatuma ujumbe wa Kilugbara, na simu ya mzee mmoja ikalia. Watu wakapiga makofi. Akatuma wa Kikakwa. Hakuna simu iliyolia.

"Kikakwa iko wapi?" bosi akauliza.

"Haiko. Huyu madamu hapana maliza kazi," mkuu wangu akasema bila kunitazama. Akafungua folda, na ukutani watu wote wakaiona tupu.

Mama wa Kuluba akageuka kunitazama. Alikuwa ameniachia asubuhi nyingi za palizi, na uso wake ulisema nimemfanya mjinga. Nilikwenda mbele.

"Nipishe."

Hakuinuka. "Unataka kufanya nini? Watu wameona."

"Wacha yeye aonyeshe," bosi akasema.

Hata hivyo hakuinuka. Nikaandika nimesimama, nimeinama juu ya bega lake, nikinusa marashi yake. Nikakosea herufi, mashine ikaikataa amri, na nyuma mtu akacheka. Nikaandika tena, git ls-files, amri ya kuorodhesha mafaili, na orodha ikashuka ukutani: Kiingereza, Kilugbara, basi. Kikakwa hakuna.

"Umeona?" akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa.

Kwa dakika moja nilidhani nimerukwa na akili. Kisha nikaliuliza ghala swali jingine: nionyeshe mafaili ya toleo la wiki iliyopita. Orodha ikashuka, ikaendelea kushuka. Mihogo yenye ugonjwa. Mbegu ya simsim. Mvua ikichelewa. Yote kwa Kikakwa, kwa majina yale yale aliyoyachukia.

Mama wa Kuluba akaanza kuyasoma kwa sauti. Jirani yake akamfuata, halafu mstari mzima, kama wanaosoma majina ya watoto wao. Ningeweza kuishia hapo, kwa maana haki yangu ilikuwa imeshaonekana. Sikuishia hapo. Niliandika amri ya kuonyesha nani aliyaondoa, na jina lake likatokea, na siku, Ijumaa iliyopita, pamoja na maelezo aliyoyaandika alipoyaondoa, neno moja la Kiingereza. Nikageukia ukumbi na kuwatafsiria neno hilo kwa Kikakwa.

Takataka.

Kelele zilizofuata sikuwahi kuzisikia katika mkutano wa wakulima. Wanawake walisimama. "Nani takataka?" mmoja alimuuliza, akimsogelea. Mkuu wangu aliinuka kwenye kiti hatimaye.

"Nilikuwa nasafisha," alisema. "Majina sikuyaelewa. Nilidhani ni vitu vya majaribio."

Huenda ilikuwa kweli. Sikumwamini siku ile na leo simwamini.

Kuyarudisha mafaili kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Simu ya mama wa Kuluba ililia kabla hatujafunga mkutano. Aliusoma ujumbe mpaka mwisho, akatikisa kichwa akikubali, akaondoka bila kuniaga.

Ndani ya gari, tukirudi Arua, bosi alinikaripia mimi.

"Weye naharibu jina ya ofisi mbele ya watu. Kwa nini hapana ita mimi nje?"

"Yeye alinisemea nje?"

Mkuu wangu alitazama dirishani safari nzima.

Miezi iliyofuata sikuwa mtu mwema. Saa za chakula nilibaki mezani nikichimba matoleo ya zamani kutafuta makosa yake, na nikapata moja: ujumbe wa Kilugbara wenye mwezi usio sahihi wa kupanda. Ningeweza kumwambia chini kwa chini. Nililipeleka kwa ofisi nzima, na jina lake juu. Alilirekebisha siku hiyo hiyo. Nilifurahi.

Mwishoni mwa mwaka aliomba kurudi Kampala. Jumapili yake ya mwisho nilimkuta misani Ediofe, kanisa kuu la Arua, kwenye benchi la mbele yangu. Padri alipotuambia tupeane amani, aligeuka, mkono wake ukiwa tayari umenyooshwa. Nilimwona vizuri. Nikamgeukia mama aliyekuwa kushoto kwangu, nikamshika mikono yote miwili, nikamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja, nikachelewa makusudi mpaka wimbo ukaanza.

Alibaki amegeuka kidogo, kisha akatazama mbele. Sijutii sana. Siku nyingine, kidogo.