Mkono Kando ya Unyayo wa Chui Milia

Mume wangu alipiga picha za harusi za nusu ya Wakongomani wa Troyeville, hapa Johannesburg, lakini alipokufa hatukuwa na picha yake ya kuweka kwenye kiti.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga, kiti cha marehemu huwekwa mbele, hufunikwa kitenge kipya, na juu yake husimamishwa picha kubwa ya uso wake. Watu huingia, huinama mbele ya picha, ndipo humsalimia mjane. Kiti nilikuwa nacho. Uso ndio uliokosekana. Picha zetu za zamani zilibaki Alexandra, katika chumba tulichokikimbia mwaka 2008, wageni tulipokuwa tukishambuliwa. Mume wangu aliokoa kamera tu, ndani ya ndoo, chini ya nguo za mtoto, na tangu hapo alikuwa mtu wa nyuma ya kamera.

Ilikuwepo moja. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliikuta ndani ya bahasha kabatini. Mume wangu amekaa kwenye majani, amepakata mtoto wa chui milia, anamnywesha maziwa kwa chupa, na anacheka mpaka fizi zinaonekana. Nisiseme uongo, ni picha nzuri.

Ilipigwa katika kazi yake ya kwanza ya wanyama, kwenye kituo kimoja nje ya mji ambako wageni hulipa ili wapakate watoto wa chui milia na kupigwa picha. Mnyama huyo si wa Afrika. Wale walizaliwa hapo hapo, nyuma ya wavu. Mwanzoni mume wangu alirudi nyumbani akinuka maziwa, ana furaha. Baadaye akawa anarudi kimya. Aliniambia kwamba watoto wale huondolewa kwa mama zao wakiwa wachanga kabisa, ili mama azae tena upesi. Hushikwashikwa kutwa, hawapati usingizi. Wakiota meno makubwa huondoka na gari, na ukiuliza wanapelekwa wapi unaambiwa endelea kupiga picha. Mfanyakazi mwenzake alimnong'oneza kwamba kuna watu wananunua mifupa yao. Akaacha kazi. Ile picha akaitia kwenye bahasha na kuniomba isitundikwe kamwe. Alisema mtu akiiona, na yeye atataka.

Baadaye akapata kazi ya kuendesha gari la wageni wapiga picha, katika shamba kubwa mno kusini, mwendo wa saa nyingi kutoka Johannesburg. Huko chui milia waliletwa kutoka mbali wakaachiwa ndani ya uzio mpana, wawinde wenyewe. Alinieleza kwamba kwao misitu inakatwa na majangili wanawamaliza. Hawa si wa porini kabisa, alisema, lakini angalau hawamngojei mtu.

Nilikwenda naye mara moja, kusaidia chakula. Tulikaa asubuhi nzima kwenye baridi tukitazama nyasi. Nilikuwa nimeanza kusinzia nilipoona kwamba nyasi zina macho. Alikuwa jike, na nyuma yake watoto wawili. Kamera zikaanza kulia. Mgeni mmoja alitaka gari lisogee, kisha akataka mume wangu apige mlango kwa kiganja ili mnyama ageuke, maana hakuwa amepata uso. Mume wangu alimjibu kwa upole kwamba yule ana watoto, tukimbana atawahamisha juani. Akarudisha gari nyuma. Mgeni alinuna njia nzima. Tulipofika mbali, kwenye mchanga wa kijito kikavu, mume wangu alishuka akapiga picha ya unyayo, mkono wake wa kushoto kando yake ili ukubwa uonekane. Ndivyo alivyofanya kila safari.

Mapafu yalimuua, wakati wa baridi.

Shemeji alitaka ile picha ya kwenye bahasha. Nilipomweleza ombi la marehemu, akasema basi fundi wa picha atamtoa mnyama na kumvalisha marehemu suti. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Wengi wameagwa na suti ambazo hawakuwahi kuzivaa. Fundi alifanya kazi yake. Mnyama akatoka, suti ikaingia na tai nyekundu. Lakini kicheko kilibaki, na kichwa kiliinama kuelekea kifuani, ambako sasa hapakuwa na kitu. Alionekana anaichekea tai yake.

Shemeji aliitazama muda mrefu. "Eish," akasema. "Tumemfanya mlevi."

Tulicheka.

Kwenye kadi ya kamera nilikuta ule mkono. Nikauchapisha mkubwa.

"Shemeji, watu watakuja kuinamia mkono?" akaniuliza.

"Ni mkono wake."

"Na mama je?"

Hapo alinishinda. Mama yao yuko Uvira, kule Kongo. Hakumwona tena mwanawe tangu tulipoondoka, wala hakuliona jeneza. Mama hawezi kulilia mkono. Kwa hiyo kwenye kiti niliweka mkono, na watu waliinama, wengine wakiulizana kwa mnong'ono kama ule ni unyayo wa mbwa. Mama nilimpelekea ile ya kicheko, bila suti, kupitia muumini mwenzetu aliyekuwa anarudi.

Mama alipiga simu nikiwa kwenye cherehani. Alishukuru. Picha ilikuwa sebuleni, na watu walikuja kila siku kuitazama, hata wasiomjua marehemu.

"Wanauliza ni wapi huko," alisema, "na wao waende wakamshike."

Nilikuwa nimechoka, lakini nilimweleza yote: mama zao, chupa, gari, mifupa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo huyu mtoto alinyang'anywa mama yake."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu alijua?"

"Siku ile hakujua. Alipojua aliacha."

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Basi nimgeuzie ukutani?"

"Hapana, mama. Mwache acheke. Ila wakiuliza, waambie na hilo."

"Nitawaambia," alisema. "Lakini wanaangalia kwanza, binti yangu. Wakishaangalia hawasikii tena."