Kompyuta ya Mke Mwenza

Wanaosema wivu ni ushamba hawajawahi kuletewa kompyuta ya mke mwenza waitengeneze. Mwanaharusi aliletewa, nami nilikuwepo, maana cherehani yangu na meza yake ya ufundi viko kibaraza kimoja hapa Kilindoni.

Mwanaharusi ni fundi wa simu na kompyuta. Ufundi aliupata Dar es Salaam kwa mjomba wake, akarudi kisiwani na bisibisi zake, na leo hata maofisa humletea mashine zao. Mumewe, Ukasha, ni nahodha wa boti ya watalii kule Utende. Mwaka juzi akamwoa Hamisa, msichana wa mapokezi katika hoteli moja ya hukohuko. Tangu hapo jikoni kwa Mwanaharusi kuna siku mbili tu: zamu yake, samaki wa nazi, zamu ya mwenzake, uji mtupu. Ukimtajia Hamisa, bisibisi humponyoka.

Basi siku hiyo Hamisa akaja mwenyewe, kavaa buibui jipya, manukato yametangulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Mwanaharusi akajibu, kama anayetema mbegu ya ndimu.

Kompyuta ilikuwa hoi. Diski yake ya zamani ilikoroma, na ukiiwasha unaweza kwenda sokoni na kurudi haijafunguka. Hamisa akatoa kwenye mkoba diski mpya ya kasi, SSD ndani ya boksi lake.

"Ukasha kaninunulia hii. Lakini dada, nakuomba, usiweke Windows upya. Humo mna programu ya kupangia wageni wote wa msimu. Aliyeiweka kashaondoka nchini, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Ikipotea, kazi sina."

"Ukasha kakununulia," Mwanaharusi akarudia. Hayo mengine sidhani kama aliyasikia. Sheria inataka mume akimpa mke huyu, ampe na yule, na yeye hakupewa hata waya wa kuchajia. Roho ilimuuma, nami ikaniuma kwa ajili yake. Sijifichi, mimi ni mtu wa Mwanaharusi.

Aliiunganisha diski mpya kwa waya pembeni, akafungua programu ya kunakili. Kazi hii nimemwona akiifanya mara nyingi, na kwa mazungumzo ya kibarazani naijua karibu kama yeye. Unaambiwa uchague diski inayonakiliwa na diski inayopokea. Ukizigeuza, utupu wa ile mpya unafuta vyote vilivyomo katika ile ya zamani, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alizigeuza. Niliona kwa macho yangu. Kidole kikakaa juu ya kitufe, na Hamisa kwenye benchi anachezea simu, hana habari.

"Mwanaharusi," nikamwita, "soma tena."

"Nimesoma."

Kisha akashusha pumzi, akazirudisha mahali pake, akabonyeza. Baadaye aliniambia hakumwonea Hamisa huruma hata chembe. Aliuhurumia ufundi wake. Watu wangesema kaharibu kwa wivu, na wangesema kweli.

Ikaadhiniwa adhuhuri, tukaenda kuswali, tukarudi kazi imekwisha. Mwanaharusi akafungua skrubu, akatoa diski ya zamani, akaweka mpya, akawasha. Hamisa hajamaliza bismillahi, mashine imefunguka. Programu ipo, wageni wapo, hakuna kilichosogea. Na picha ya mbele ya skrini nayo ipo: Hamisa ameshika usukani wa boti ya Ukasha, na chini yake maneno, *Kolekole wangu, hutoki tena kwenye mshipi wangu.*

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Niliyatarizi mimi kwenye foronya za harusi ya Mwanaharusi, Ukasha akinitajia neno kwa neno na kujisifu kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa samaki kwa mapenzi kiasi kile.

Hamisa aliona tunaisoma, akainamisha uso kwa haya.

"Alinitungia mwenyewe," akasema. "Ndivyo anavyoniita, mimi tu."

Mwanaharusi alinitazama. Nikadhani sasa mashine itarushwa barabarani. Badala yake akacheka, kicheko kibaya, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Vyote vimehama salama," akamwambia Hamisa. "Mwenye kuhamisha hakuanza upya."

Hamisa akashukuru sana, akaifunga kompyuta yake kwenye mkoba, akaenda zake kutafuta bodaboda ya Utende. Mwanaharusi akakaa akiigeuzageuza ile diski ya zamani mkononi.

"Shoga," akaniambia, "kitambaa cheupe unacho?"

"Ninacho."

"Nitarizie foronya. Maneno yaleyale."

"Za kwako zimechakaa?"

"Za kwangu nzima. Hizi za Hamisa. Si sheria inasema akipewa mmoja apewe na mwenzake? Mpelekee siku ya zamu yake, Ukasha akiwepo."

Nikachukua mkasi, nikaanza kukata.