Chapa Niliyoisimamisha Wima

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la fremu mjini Voi nilifika na digrii ya falsafa na tai. Bosi aliitazama ile tai.

"Ivue, msomi. Msumeno utaikata kabla ya saa nne."

Alinifundisha kukata mbao mshazari ili kona zikutane bila mwanya, na kukata maunti, ile kadibodi yenye dirisha inayokaa kati ya picha na fremu. Kisha akanipa chapa ya mwalimu mmoja mstaafu niitie fremu, akaenda kunywa chai.

Chapa ni picha inayotokana na ubao uliochongwa, ukapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Hii ilikuwa ya kisasa. Haikuwa na mtu wala mti, mistari minene myeupe tu juu ya wekundu. Nikaigeuza, mistari ikasimama wima, na mara nilikuwa na miaka sita, shambani kwenye mkonge, nyuzi zimeanikwa kwenye nyaya na miguu ya mama inaonekana chini yake. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Hakuacha picha hata moja.

Basi nikaifremu hivyo hivyo, wima. Maunti ikafunika saini ya penseli, ambayo kila fundi huitafuta kwanza ili ajue chini ni wapi.

Mwalimu alikuja adhuhuri. "Mmeifanya nini reli yangu?"

"Reli gani, Mwalimu?"

"Si haya mataruma, mbao zinazolala chini ya vyuma! Baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli hapa Voi. Nilikuwa nikimpelekea uji, naruka taruma moja hadi lingine. Sasa umenijengea ua wa kuku."

"Miaka minne chuo kikuu," Bosi akasema, "na juu na chini bado hajui!"

Mwalimu hakucheka. "Kijana, kwani wewe uliona nini?"

Niliitaka ile kazi. "Sikuona kitu, Mwalimu. Nilikosea tu."

Nikang'oa misumari, nikailaza picha. Akaondoka na reli yake.

Sasa, baada ya miaka mingi ya kutia fremu, mgongo umenistaafisha mapema. Nyinyi mnaoanza kazi hii, kabla ya kukata chochote muulizeni mwenye picha anaona nini. Na akikuuliza wewe, mjibu. Mimi nilimpata mtu mmoja aliyetaka kumwona mama yangu, nikamwambia hakuna kitu.