Ukiugua, leta mtu: mkataba wa mpiga pasi uliomtoa binti chuoni

Ni saa moja na nusu asubuhi na joto la ndani limeshafika mlangoni. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu ameketi kwenye benchi nje ya kiwanda cha kufulia, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Macho yake yako ndani, kwenye mashine kubwa ya kunyoosha mashuka.

Mashine hiyo ina silinda ndefu ya moto. Wanawake wawili wanailisha mashuka yenye unyevu upande huu, wawili wanayapokea yakiwa makavu upande ule. Wanavuta, wanakutanisha pindo kwa pindo, wanakunja, wanaweka kwenye toroli. Shuka linalofuata halimsubiri mtu afute jasho.

Mmoja wa wapokeaji ni msichana mrefu aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani. Ni binti wa huyu mama wa kwenye benchi, na amesimama pale pale aliposimama mama yake kwa miaka kumi na saba.

"Mwone," anasema mama bila kugeuza shingo. "Pindo kwa pindo. Wala haangalii."

Ukimsikia utadhani anajivunia. Ni kweli anajivunia, na hicho ndicho kinachomnyima usingizi.

Hapa kiwandani kila mtu anamwita Shangazi: madereva, wafagizi, mpaka msimamizi wa zamu ambaye kichwa chake ni cheupe kuliko mashuka anayoyasimamia. Lakini kwenye karatasi Shangazi hana jina la kindugu namna hiyo. Karatasi inamwita mkandarasi wa kujitegemea.

Cheo hicho kimekuwa mzaha wa kila siku. "Mkurugenzi, sogeza toroli," mmoja anasema. "Ngoja, niko kwenye kikao," anajibu mwenzake, amekumbatia rundo la taulo. Wanacheka. Nilipowazoea kidogo nikagundua kwamba kicheko chenyewe kinaishia kooni.

Mzaha huo ulianza mwaka jana, siku mwanasheria wa kampuni alipokuja kuandaa mikataba mipya. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa tu kwamba kampuni "inabadili utaratibu". Walitarajia mtu wa kuwatisha. Akaja mwanamke mpole, akavuta kiti katikati ya matoroli, akakubali kikombe cha chai na kuwaomba wamweleze kazi yao inavyokwenda.

"Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kutuuliza," anasema Shangazi. "Basi tukafunguka. Tulishindana kuongea, kama watoto waliomwona mgeni."

Walimweleza kwamba hawasubiri kengele. Wao wenyewe hufika mapema kuwasha mashine, maana silinda baridi hukwaruza shuka. Walimwonyesha glovu walizojishonea kwa vitambaa vya mablanketi, kwa kuwa zile za kampuni ni nzito na haziachi kidole kisikie pindo. Na walimweleza jambo wanalojivunia kuliko yote, yaani kushikiana zamu.

Kushikiana zamu ni desturi ya pale. Mtu akiugua, au akifiwa, au mtoto akilala na homa, hatangulii ofisini. Anamwambia mwenzake. Wenzake wanajibana, mmoja anakwenda mbio kati ya pande mbili za mashine, na jioni mashuka yanatoka kama kawaida. Msimamizi aliona, akajifanya kipofu. Mshahara ulikuwa wa mwezi, hivyo hakuna aliyepungukiwa.

"Mimi nilipojifungua mtoto wa mwisho, hawa walinishikia mpaka nikarudi," anasema mwanamke anayelisha mashine, ambaye wenzake humwita Foronya kwa umbo lake dogo la mraba. "Yule mwanasheria aliposikia, akasema, 'Jamani, mnapendana!' Tukajibu kwa pamoja: sisi hapa mtu akiugua, kazi hailali."

Mwanasheria aliandika yote. Mkataba uliporudi umechapwa, Foronya aliwasomea wenzake kwa sauti wakati wa mapumziko. Kifungu kimoja kilisema mkandarasi atajipangia mwenyewe saa za kuanza kazi. Kingine kilisema atatumia vifaa vyake. Cha tatu kilisema mkandarasi asipoweza kufika, kwa ugonjwa au sababu nyingine yoyote, ataleta mtu badala yake kwa gharama zake mwenyewe, na nafasi ikikaa wazi siku tatu mkataba utakuwa umekufa.

Nilimuuliza Shangazi kama hawakushtuka.

"Tushtuke nini? Yalikuwa maneno yetu. Mimi nilisema, tazama, mbona amekumbuka hata habari za glovu! Tuliona ametuheshimu."

Wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine, juu ya meza ya kukunjia. Wengine walipiga picha.

Waswahili husema mdomo uliponza kichwa. Hawa haukuwaponza kwa kusema uongo wala kwa umbea. Uliwaponza kwa kusifia wema wao mbele ya mtu aliyekuja kutafuta pa kuufunga kamba. Likizo ya ugonjwa ilifutwa, mshahara wa mwezi ukafutwa, na kila mtu akaanza kulipwa kwa idadi ya mashuka yake. Wiki njema, Shangazi anasema, hufikia kama nusu ya alichokuwa akipata zamani.

"Tulivikwa kilemba cha ukoka," anasema Foronya. "Mkandarasi! Mume wangu alinipigia makofi sebuleni."

Mkono wa Shangazi ulianza kwa ganzi. Vidole vilikuwa vinakufa usiku, asubuhi anavipiga piga kwenye paja mpaka viamke. Baadaye akaanza kuangusha vikombe. Daktari alimwambia mshipa wa kifundo cha mkono umebanwa kwa miaka ya kuvuta nguo nzito, na kwamba akichelewa kupasuliwa mkono utabaki pambo.

Alipopangiwa siku ya kupasuliwa, alifanya kama walivyozoea. Hakwenda ofisini. Alimwambia Foronya, na Foronya akasema nenda dada, nitakushikia.

Foronya alijaribu kweli. Lakini sasa kila dakika aliyosimama upande wa Shangazi, mashuka yake mwenyewe yalikuwa yakilala bila kulishwa, na wanawe hula kwa mashuka hayo. Siku ya pili alichelewa kufika upande wa pili, shuka la hoteli likajikunja kwenye silinda na kuungua. Alikatwa thamani yake. Jioni alipita nyumbani kwa Shangazi, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

"Alilia kabla hajasema," Shangazi anakumbuka. "Nikamwambia usilie, najua. Siwezi kukuponza na wewe."

"Watu husema wema hauozi," Foronya ananiambia, huku akigeuka kulisha shuka jingine. "Wetu uliozeshwa."

Ilibaki siku moja kabla ya mkataba kufa. Nyumbani, katika vyumba viwili wanavyopanga, alikuwepo binti, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, aliyekuwa likizoni. Baba yake alishafariki. Ada yake ilitoka kwenye mashine ile ile. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua glovu za mama yake, akaenda.

"Tulisema ni wiki mbili tu, kabla ya muhula kufunguliwa," anasema mama.

Muhula ulifunguliwa. Bandeji ilikuwa bado mkononi. Angekwenda chuoni, nafasi ingekaa wazi, mkataba ungekufa, na ada ingekufa nao. Akabaki. Wenzake wako wodini wanajifunza kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Yeye anageuza mashuka ambayo wagonjwa hao wameyalalia, kwa kuwa nusu ya mzigo wa kiwanda hutoka hospitalini. Alinionyesha mwenyewe muhuri kwenye pindo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilishindwa kutabasamu naye.

Meneja wa kiwanda alinipokea vizuri, ofisini, chini ya feni. Ni mtu wa maneno laini.

"Hatumlazimishi mtu," alisema. "Shangazi ni mfanyabiashara, sawa na mimi na wewe tukiamua kufungua duka. Mwenye duka akiugua, duka halifungwi. Anamweka mtu."

Nikamuuliza: na yeye meneja akiugua?

"Mimi napewa likizo. Mimi ni mfanyaka—"

Akaanza kutafuta kitu kwenye kompyuta yake.

Mwanasheria alipatikana kwa simu. Hakukasirika wala hakujificha. "Sikutunga kitu," alisema. "Niliwauliza wanafanyaje mtu akiugua, wakanijibu. Nikaandika walichonijibu." Nimeyafikiria maneno hayo tangu siku ile, na kila nikiyageuza nakuta ni ya kweli, na ndiyo maana yananiudhi.

Wiki iliyopita daktari alifungua bandeji, akamwambia Shangazi avute kidole chake yeye daktari. Akavuta. Daktari akamwambia avute kwa nguvu. Akasema ndiyo nguvu hiyo. Wakafunga bandeji nyingine. Mkono utashika kijiko na kufunga vifungo, daktari alisema, lakini kuvuta mashuka yenye unyevu asahau.

Shangazi hakumweleza mtu, hata bintiye. Alijifungia chumbani na pasi ya umeme, akaanza kujifundisha mkono wa kushoto kwa mashati ya majirani, akidhani atafungua kibiashara chake kidogo hapo nyumbani. Shati la tatu aliliunguza kola. Jirani alisema si neno, na hakuleta jingine.

Habari hazikukaa. Kiwandani wakajua kwamba Shangazi harudi, na meneja akaleta karatasi mpya. Ni mkataba ule ule, vifungu vile vile, ila kwenye nafasi ya jina limeandikwa jina la binti. Akitia sahihi, nafasi ni yake. Asipotia, kesho kuna wanawake wengine getini. Amepewa mpaka leo mchana.

Ndiyo sababu mama yake yuko kwenye benchi hili.

"Mchuma janga hula na wa kwao, sivyo?" ananiambia. "Mimi niliposaini nilidhani nasaini kwa ajili yangu peke yangu."

Mchana mashine inazimwa kwa mapumziko. Kimya chake kinazidi kelele zake. Binti anatoka, anakaa karibu na mama yake, anakunywa maji chupa nzima bila kupumua. Ananiamkia kwa adabu, na mikono yake ina malengelenge mawili ambayo ameyafunika kwa plasta kitaalamu kabisa.

"Umefanya nilivyokuambia?" mama anamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimejaribu, mama."

"Umejaribu vipi?"

"Nimelikunja moja ovyo, pindo likaenda upande. Nikaliweka kwenye toroli. Likanikera. Nikalitoa, nikalikunja upya."

Wanatazamana, kisha wote wawili wanaangua kicheko. Shangazi anacheka mpaka anafuta macho kwa upande wa bandeji, na anaendelea kufuta hata kicheko kilipokwisha.

Ananieleza kwamba alikuwa amemwagiza binti yake avurunde. Achelewe kidogo, akunje vibaya, alegeelegee, ili msimamizi aseme huyu hafai. Wakimkataa wao, anasema, binti hatajiona amemwangusha mama yake. Angerudi chuoni hata kwa kuomba omba, kwa sababu kusingekuwa na njia nyingine. Lakini huyu mtoto alishika ncha ya pili ya shuka nyumbani tangu alipoweza kusimama. Kila alipokosea, mama alimrudisha aanze upya.

"Nilimfundisha vizuri mno," anasema. "Hilo ndilo kosa langu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

Binti anaangalia chupa tupu. Halafu, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, anasema: "Nitatia sahihi. Nitakaa mwaka mmoja, niweke akiba, nirudi chuoni."

"Na mimi nilikuja hapa kwa mwaka mmoja," anasema mama yake.

Kwa kawaida makala za namna hii humalizia kwa kumuuliza mtu matumaini yake, nami nilimuuliza Shangazi, ingawa niliona aibu kuuliza. Hakuchelewa kujibu.

"Wazazi wengine huwaombea watoto wao waonekane hodari. Mimi nimekesha namwombea wangu aonekane mzembe. Msimamizi atoke hapo, aseme, Shangazi, mtoto wako hawezi kazi, mchukue. Nitamshukuru mpaka nakufa. Hilo ndilo tumaini langu. Sina jingine."

Msimamizi anatoka kweli. Anasimama mlangoni na mvi zake, ameshika shuka moja lililokunjwa, pembe zake zimenyooka kama za kitabu. Anampa Shangazi heshima kwa kuinamisha kichwa.

"Shangazi, huyu umetuzalia fundi mwenyewe," anasema kwa furaha. "Binti, njoo ofisini, meneja anakusubiri."

Binti anainuka, anajipangusa magoti. Shangazi anaruka kumshika gauni, na kwa mazoea ya maisha yote anamshika kwa mkono wa kulia. Vidole havifumbi. Gauni linateleza, na binti anaingia ndani.