Kona Iliyofunikwa na Baraza

Mpaka leo nikipita ule mtaa nashikwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mama yangu ndiye aliyeupanga, pembezoni mwa Dodoma, enzi ambazo ukienda kuchota maji jua lilikukuta njiani, na fisi walikuwa hawajapata habari kwamba pale sasa ni mjini. Alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Leo kuna lami, kuna taa, kuna watu wenye magari mawili mawili. Na siku alipohitaji mtu wa kumsemea neno moja la kweli, mtaa mzima uliinama ukatazama viatu.

Niwaeleze kwanza habari ya minyaa. Watu walipoanza kumiminika, wengine kutoka Kongwa, wengine Kondoa, wengine wakifuata kazi za ujenzi wa makao makuu, hapakuwa na mpima wala ramani. Palikuwa na tembe letu, zizi la mbuzi, na ua mnene wa minyaa ambao bibi mzaa baba aliupanda kuzunguka eneo letu lote. Mama alipochaguliwa aliweka utaratibu wake. Alipima viwanja vyote kwa kamba moja ya katani. Kisha kila aliyepewa kiwanja alikatiwa matawi kutoka kwenye ua wetu, akayapanda mpakani kwa mkono wake mwenyewe, majirani wakiwa wamesimama. Mwisho alitakiwa kusema kwa sauti, "Mimi nakoma hapa." Hakuruhusiwa kusema hapa ni kwangu. Mama alidai kwamba mtu akishajua anapokoma, kwake atapajua tu.

Matawi hayo niliyabeba mimi. Nilikuwa darasa la nne, na siku moja utomvu uliniingia jichoni nikalala siku mbili na kitambaa usoni. Najua nilimbebea nani, na alisimama wapi alipopanda.

Barabara nazo alizipigania. Alitaka kila moja itoshe lori la mahindi kutoka Kibaigwa kupishana na watu waliobeba jeneza, bila yeyote kutumbukia mtaroni. Walimcheka, wakamuuliza lori gani litapotea njia mpaka huku porini. Aliyemsumbua zaidi alikuwa jirani yetu wa magharibi, muuza duka aliyetoka Kondoa, ambaye baraza la duka lake lilikuwa linatambaa kuelekea barabarani kila mwaka. Mama alimrudisha, akatambaa tena, mpaka mama alipotoka madarakani na yeye akamwaga saruji. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa adabu na basi.

Kosa la mama ni kwamba aliukata ua wake ukaisha, na hakuupanda upya. Upande wa mashariki, alikozikwa baba, halikubaki hata shina moja. Tulipomkumbusha alisema, mipaka yangu wanaijua wale niliowapa yao. Mwenyekiti mzima, aliyewasimamia wengine wote, hakuona haja ya kusimamiwa.

Miaka miwili iliyopita kiwanja cha mashariki kilinunuliwa na bwana mmoja aliyehamia na ofisi yake kutoka Dar es Salaam. Mtu mstaarabu kupita kiasi, shikamoo zake zote anazitoa ameinama. Urasimishaji ulipofika mtaani ili watu wapate hati, bwana huyu alimwonyesha mpima mpaka unaopita kati ya nyumba ya mama na kaburi la baba. Kaburi likaangukia kwake. Alisema hana ugomvi na mama yake huyu, ila alama iko wapi?

Mama alitaka kitu kimoja tu, alazwe pembeni ya mumewe bila watoto wake kwenda kupiga hodi kwenye geti la mtu kuomba ruhusa. Mimi, niliyekuwa nimehamia Makole, katikati ya mji, na hati yangu kabatini, nilikuwa nimeshaanza kumshauri tulihamishe kaburi.

Siku ya kupima, kamati iliwaita wenye nyumba wote. Mpima, kijana mpole, alisema yeyote anayejua mpaka wa zamani aseme na kusaini, hilo linatosha. Palikuwa na watu kama thelathini. Alikuwepo mwalimu ambaye wazazi wake walilala kwenye tembe letu masika mazima. Alikuwepo mzee wa kanisa anayetufundisha kila Jumapili habari za kumpenda jirani. Wote kimya kama maji mtungini.

Sababu niliiona kwa macho. Huyu ametoa fremu za maduka nje ya minyaa yake, yule amechimba karo la choo barabarani, mwingine ukuta wake umeruka mtaro. Ukiita mpaka mmoja wa zamani, yote itaitika. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anaupigia mahesabu ukuta wake, na mama amesimama juani na mkongojo. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine, nikisubiri.

Aliyesogea mbele alikuwa muuza duka wa Kondoa. Alisema eneo la mama lilikuwa kamba saba kwenda mashariki, kuanzia kwenye kona walipopakana, na kamba yenyewe mama anayo bado, imetundikwa ukutani. Mpima akauliza hiyo kona iko wapi.

"Iko chini ya baraza langu," mzee akasema. "Leteni sururu."

Walimbomolea vipande vitatu vya saruji. Chini yake palikuwa na kisiki cha minyaa, kikavu, kinene kama paja. Mzee akaweka mguu kando yake, akageuka kwa mama.

"Wewe mama sikupendi, na unalijua hilo," alisema. "Lakini mimi nakoma hapa."

Kamba ikavutwa. Ya saba iliishia hatua kumi na mbili ng'ambo ya kaburi la baba. Yule bwana akasaini, ameinama vilevile, na bikoni, jiwe la mpaka, ikasimikwa.

Alasiri, bila haya, wakaanza kuja. Hongera mama, tulijua tu haki itasimama. Mwalimu alikuja, mzee wa kanisa akaja, wakakalia viti vyetu. Mama akaagiza chai. Nilimfuata jikoni nikamwambia sipeleki. Nilimwambia shukrani ya punda ni mateke, watu hawa aliwapa mahali pa kuishi na hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo, na kama ni chai wakanywe kwao.

Alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Hakupandisha sauti.

"Matawi ulibeba wewe," alisema. "Mbona hukusema?"

Nilitaka kumwambia kwamba ushahidi wa mtoto wa kumzaa haupokelewi. Lakini mpima hakusema hivyo, alisema yeyote anayejua. Nilikuwa nimesimama pale na wengine, nikisubiri mtu aseme.

Nilichukua sinia nikawapelekea chai.