Leo Mama amemujibu Papa

Leo Mama amezungumza na Papa, baba yangu, na Papa alikufa kabla sijazaliwa.

Niwaeleze.

Wakati wa Zaire, Papa alikuwa fundi wa reli. Walimutuma Kabalo, akamuacha Mama hapa Kalemie na mimba yangu. Kule akarekodi kaseti, akamupa rafiki ailete. Kaseti ilifika. Yeye homa ilimuulia huko.

Toka kilio, Mama hakuisikiliza tena.

Leo asubui nikatia kaseti ndani ya redio, nikaiunga na kompyuta kwa waya. Nikaandika arecord, amri ya kurekodi.
"Mama, tafazali, usiseme kitu."

Papa akaanza. Sauti ya kijana, jamani! Mimi leo ni mukubwa kumupita.

Akasalimia jamaa. Halafu akamuita Mama kwa jina:
"Feza, mutoto amezaliwa? Anafanana na nani?"

Mama akasahau yote.
"Alizaliwa, Papa. Iko hapa. Anafanana na weye."

Pale pale redio ikatafuna ukanda, ikaukata vipande.

Nikaandika aplay, nisikie kilichobaki. Kumbe kompyuta ilirekodi kwa maikro yake ya ndani, si kwa waya! Papa anasikika kwa mbali, Mama yuko juu ya sauti yake, analia.

"Mama, nisamehe, nimeiharibu."

Akapangusa macho.
"Haikuharibika. Piga tena pale ananiuliza."

Nimepiga. Ameomba tena. Na tena.
Kila mara anamujibu upya, kama hakumujibu bado.

Wenzangu, nizime, ao nimuache?